Haya Siyo Ndiyo

Kinampanda,
Jumapili, baada ya ibada

Mwanangu Elineema,

Nakuandikia kwa sababu nikisema unanikatiza. Tangu Alhamisi nimejaribu mara nne. Mara ya kwanza uliniambia, "Mama, nimeelewa," kabla sijafika hata katikati ya sentensi. Mara ya pili ulikuwa unaangalia simu. Mara ya tatu ulinikumbusha kwamba wewe ni wakili, siyo mchungaji. Ya nne sitaki kuikumbuka, maana niliinua sauti mpaka baba yako akatoka nje akajifanya anatafuta jembe. Basi nimechukua karatasi, na karatasi huwezi kuikatiza.

Sasa hivi uko kwa Mama Joyce unasukwa, na kwa mtindo ule uliouchagua najua hamtamaliza kabla jua halijazama, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Sitaandika habari za chakula, wala za mwenye nyumba, wala za vijana wa mjini. Una miaka ishirini na saba. Kama hujajua kujipikia mpaka leo, barua haitakusaidia kitu.

Tuanze na Alhamisi.

Mzee Mkumbo alitoka Ulemo kwa pikipiki, amevaa koti lake la ibada kwenye jua lile, na karatasi zake amezikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa amesikia kwamba binti wa yule karani wa zamani wa mahakama ameapishwa uwakili na yuko nyumbani siku chache kabla ya kwenda kuanza kazi Singida mjini. Nilikuwa jikoni nachambua karanga, dirisha liko wazi. Sikuwa nasikiliza kwa makusudi. Haya, nilikuwa nasikiliza.

Shikamoo ulimpa, nakusifu. Lakini marahaba yake hukuingoja. Ulichukua karatasi ukazisoma haraka haraka, kisha ukamwambia:

"Mzee, hukumu inasema mlalamikaji arudishiwe wale maksai wawili, kwa sababu wametokana na ng'ombe wa marehemu baba yake. Sasa niambie. Yule ng'ombe alikuwa wa baba yake? Ndiyo au hapana?"

"Yule ng'ombe, mjukuu wangu, alikuja kwangu mwaka ule wa njaa, mimi hata sijaoa, na alikuwa na baka jeupe hapa kwenye—"

"Mzee. Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo, lakini—"

"Basi umeshajibu. Na mahakamani ulijibu hivyo hivyo, imeandikwa hapa. Tukikata rufaa tutasema nini? Ng'ombe ni wake, na ndama ni wake. Utapoteza muda wako bure. Umenielewa, mzee?"

Nilisikia kiti kikilia. Kisha akasema, "Haya, mjukuu wangu. Ahsante."

Ukaja jikoni umefurahi, ukachota karanga zangu ukaniambia, "Mzee mwelewa sana yule. Amekubali bila shida." Mwanangu, nilikuwa na ungo mkononi, na nusura nikupige nao.

Amekubali nini? Wewe umezaliwa hapa, umekulia hapa, umesema "haya" tangu ulipoanza kusema. Nilipokuwa nakutuma maji saa ambayo wenzako wanacheza, ulikuwa unajibu "haya" midomo imekuvimba kama umeumwa na nyuki. Ulikuwa umekubali? Bibi yako alipokuwa akimwambia baba yako auze baiskeli, baba yako alisema "haya" miaka sita, na baiskeli ile ipo mpaka leo. Haya ni neno la mtu aliyeona mlango umefungwa. Maana yake nimekusikia, wewe ni mkubwa kuliko mimi, au umesoma kuliko mimi, sina nguvu za kushindana nawe, acha niende. Umeliacha wapi neno hili? Walikuvua shuleni pamoja na viatu vyako vya zamani?

Nakasirika, najua. Baba yako kapita hapa sasa hivi, kaniangalia ninavyoandika, akasema, "Mwache mtoto aondoke kwa amani." Nikamwambia haya.

Lakini sikukasirikii wewe peke yako. Kuna jambo langu ambalo sijawahi kukuambia, na nadhani ndilo linalonifanya nigombe hivi. Ulikuwa darasa la pili. Mimi nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, mlikuwa mkinionea fahari nyote kwa sababu nilikuwa nakaa ndani kwenye kivuli na mhuri. Watu walikuwa wakija dirishani kwangu kwanza, najaza fomu, naandika maelezo kwa wale wasiojua kuandika, ndipo wanaingia kwa hakimu. Nilijiona mwepesi sana. Hakimu mwenyewe alikuwa akinisifu kwamba kwangu foleni haikai.

Siku moja akaja mjane mmoja, tumwite Mama Samweli kama walivyokuwa wakimwita, na shemeji yake. Mume alikuwa amefariki mwaka ule. Shemeji alileta muhtasari wa kikao cha ukoo, umeandikwa vizuri, una sahihi nyingi, unasema ukoo umempendekeza yeye awe msimamizi wa mirathi ya ndugu yake. Mimi kazi yangu ilikuwa kuuliza na kuandika. Nikamuuliza mjane, "Mama, unakubali shemeji yako asimamie mirathi?"

Alikuwa anaangalia sakafu. Akasema, "Marehemu alipokuwa anaumwa, alisema—"

Nikamkatiza. Nilimwambia, "Mama, foleni unaiona. Unakubali au hukubali?"

Akamtazama shemeji yake. Akanitazama mimi. Akasema, "Haya."

Nikaandika: Mjane hana pingamizi. Nikamshika kidole gumba mimi mwenyewe, nikakikandamiza kwenye wino, nikakikandamiza kwenye karatasi. Nakumbuka kidole chenyewe kilivyokuwa kigumu, kidole cha jembe, hakikutaka hata kulala vizuri kwenye karatasi. Nilimwambia alegeze mkono. Ndani kwa hakimu alisema tena haya, na hakimu alisoma mstari wangu akaendelea.

Kabla ya mavuno shemeji alikuwa ameuza shamba la mbugani, na mke wake mdogo alikuwa ameshahamia kwenye nyumba ya marehemu. Mama Samweli akarudi dirishani kwangu na mtoto wake wa kiume. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya, watu wanaopiga kelele nilikuwa nimewazoea. Alisema tu, "Mama karani, mimi nilisema haya. Sikusema nimekubali."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mama, ungesema hapana."

Akasema, "Ningesemaje hapana, na yeye amekaa hapo?"

Siku hiyo ndipo nilipomuuliza, nimechelewa kama mvua ya Mei, marehemu alisema nini alipokuwa anaumwa. Akanieleza. Marehemu alikuwa amesema shamba la mbugani liwe la kumsomesha Samweli, na alilisema hilo mbele ya mchungaji. Mchungaji! Mtu ambaye hakimu yeyote wa Iramba angemsikiliza, na nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa barabara, ukiita anaitika. Kama ningemwacha yule mama amalize sentensi moja, moja tu, ningeiandika, na hakimu angeisoma.

Na hapo bado ningeweza kufanya kitu. Ningeweza kuingia ndani nikamwambia hakimu, Mheshimiwa, nilikosea, yule mama hakukubali, mimi ndiye niliyeandika kwa haraka. Sikuingia. Niliogopa kupoteza sifa zangu. Nilimpa maelekezo ya taratibu, nikamwambia alete pingamizi kwa maandishi, nikamwambia amtafute mtu wa kumwandikia, mimi niliyekuwa na kalamu mkononi. Alisema haya. Akaondoka, na baadaye nikasikia amerudi kwa kaka zake huko Mgori. Sijamwona tena. Naona aibu mpaka leo ninapoandika, mkono huu huu.

Basi Alhamisi niliposikia ile haya kupitia dirishani, niliijua sauti yake.

Sasa usije ukadhani nakuambia wateja ni malaika. Wateja watakutoa roho, Elineema. Nimekaa nao miaka yote ile, nawajua. Watakuja kesi imeshaisha ndipo wakuonyeshe risiti waliyoificha kwenye godoro. Watakupigia simu alfajiri kukuuliza kama kesi bado ni ile ile Jumatano. Watasikiliza ushauri wako wote, watatikisa kichwa, halafu watakwenda kumuuliza fundi wa redio na kufuata alichosema fundi wa redio. Na watakudanganya. Kuna bwana mmoja alinililia dirishani kwamba ni yatima, amedhulumiwa kwa sababu hana baba wa kumtetea, mpaka nikampa maji ya kunywa na nikamsogeza mbele ya foleni. Wiki iliyofuata baba yake alikuja mahakamani, mzima wa afya, amekuja kutoa ushahidi upande wa pili. Nilicheka siku hiyo, lakini nilikaa mwezi mzima siamini mtu yeyote mwenye machozi. Ukweli ni kwamba Mama Samweli alikuja ndani ya mwezi ule. Alilipa kosa la yule bwana. Hilo nalo nimelijua baadaye sana, nikiwa nimeshastaafu na nina muda wa kujihoji.

Sikuambii uwaamini wote, wala uwalilie. Ukiwalilia wote utakauka kabla ya Krismasi, na nani atawaandikia hati zao? Ninachotaka ni kidogo mno, na kinanikera kwamba inabidi nikiandike kwenye barua. Mwache mtu afike mwisho wa sentensi yake. Kisha muulize lile swali lako la ndiyo au hapana, ulitie mhuri ukitaka. Na akikuambia haya, simamisha kazi. Weka kalamu chini, muulize, "Haya gani hiyo?" Atashtuka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza, halafu atakuambia.

Jana nilikuambia nakwenda Ulemo kuangalia alizeti. Nilikudanganya. Alizeti iko shambani inajiangalia yenyewe. Nilikwenda kwa Mzee Mkumbo.

Nilikaa kwenye kigoda nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Alhamisi ulimwambia mwanangu haya. Haya gani hiyo?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaanza, na mwanangu, nakuomba radhi kwa hili, nilikuelewa kidogo. Mzee yule hana breki. Alianza na mwaka wa njaa, akaingia kwenye habari ya plau iliyovunjika, akatoka kwenye plau akaenda kwa mjomba wake aliyefia safarini, akachanganya Kinyiramba na Kiswahili mpaka nikawa nakosa pa kushika. Kuna mahali nilisinzia. Naapa, nilisinzia nimekaa, na nilipoamka alikuwa bado yuko kwenye plau. Nilitamani kumwambia, mzee, ndiyo au hapana.

Lakini nilinyamaza, na ng'ombe akarudi. Ng'ombe mwenye baka jeupe alikuwa wa marehemu Mzee Gunda, kweli kabisa, hakuna anayebisha. Mwaka ule wa njaa Mzee Gunda hakuwa na malisho wala watu wa kuchunga, akampeleka ng'ombe wake kwa kijana Mkumbo amtunzie. Hiyo nayo unaijua, sote tuna ng'ombe waliokaa kwa watu na ng'ombe wa watu waliokaa kwetu. Ng'ombe akazaa mara tatu. Ndama wawili wa kwanza wakarudi kwa mwenyewe. Wa tatu, jike, mtamba, Mzee Gunda alimkabidhi Mkumbo kwa mkono wake, akasema huyu ni wako, ni ahsante ya jasho lako, akamchukua yule ng'ombe mama na kwenda naye nyumbani. Hawa maksai wawili wanaogombaniwa leo ni uzao wa yule mtamba, vizazi vingi baadaye.

Umeona sasa? Alipoulizwa kama ng'ombe alikuwa wa baba yake mlalamikaji, alisema ndiyo, kwa sababu ni kweli. Mahakamani alitaka kuendelea, akaambiwa jibu swali uliloulizwa. Akajibu. Kwako alitaka kuendelea, ukamwambia ameshajibu. Ukweli wake wote uko baada ya neno "lakini", na hakuna mtu aliyewahi kumruhusu avuke hapo. Nyie mnadhani anatia chumvi, kumbe ndiyo kwanza anafika kwenye kesi.

Nikamuuliza, "Mzee, siku anakukabidhi mtamba, nani alikuwepo?"

Akasema, "Dada yake Gunda. Rebeka."

"Yuko wapi?"

"Si yuko hapo Kinampanda, kwa wajukuu zake. Tunasali naye."

Nilimkazia macho. Nikamwambia, "Mzee, kwa nini hukumtaja mahakamani?"

Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, "Hakuna aliyeniuliza."

Leo baada ya ibada nimemfuata Bi Rebeka. Ulipokuwa unapiga picha na wanakwaya na kuagana, mimi nilikuwa hapo nyuma ya kanisa nimechuchumaa mbele ya bibi wa watu. Macho hayaoni vizuri, lakini rangi ya yule mtamba aliitaja kabla sijamuuliza, na maneno ya kaka yake aliyasema vile vile kama alivyoyasema Mzee Mkumbo. Hawajaongea habari hii tangu kesi ianze, wote wawili wanaona haya kumsema mtoto wa marehemu. Bi Rebeka aliniuliza kama ni kweli mtoto wa kaka yake anataka kuwachukua wale maksai. Nilipomwambia mahakama imeshaamuru, alitikisa kichwa muda mrefu.

Sijui kama atashinda. Mimi nilikuwa karani, siyo wakili, na najua kuleta shahidi mpya kwenye rufaa siyo kama kuongeza chumvi kwenye mboga. Labda mkuu wako huko ofisini atasema haiwezekani, na labda atakuwa sahihi. Lakini muda wa rufaa unaisha Ijumaa hii, na ikipita Ijumaa mzee atafungua zizi lake na kuwatoa wale maksai kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu wewe ulimwambia hana kesi na yeye anakuheshimu. Mvua zikianza atalima kwa jembe la mkono, na umri wake unaujua. Kama ana sababu ya kushindwa, ashindwe baada ya kusikilizwa. Asishindwe kwa sababu alikuwa mpole na sisi tulikuwa na haraka.

Najivunia wewe, Elineema. Siku ile ulipovaa joho lile jeusi nililia mpaka jirani yangu akanipa leso yake, na sijamrudishia. Wewe una akili kuliko mimi, na ulimi wako ni mwepesi kuliko wangu, na hilo ndilo linalonitia hofu. Mtu mzito kama baba yako hawezi kumkatiza mtu hata akitaka. Wewe unaona jibu mtu akiwa bado anafungua mdomo, na mara tisa katika kumi unakuwa umeona sawasawa. Mimi pia nilikuwa hivyo. Ile mara ya kumi ina jina, na iko Mgori.

Barua hii nampa baba yako akukabidhi kesho ukishakaa ndani ya basi na mlango umefungwa, kwa sababu nikikupa leo tutagombana usiku kucha na utaondoka na macho mekundu. Usimlaumu yeye, hajui kilichomo, anadhani ni sala. Nilipokwenda kukata tiketi nilikata mbili. Kiti cha dirishani ni chako. Cha pembeni yako ni cha Mzee Mkumbo, atapandia Ulemo, amevaa lile koti, na karatasi zake anazo zote. Kutoka hapo mpaka Singida mjini ni mwendo wa zaidi ya saa nzima, na nimemwambia asiruke kitu.

Mama yako